Nani anaruhusiwa kujenga nyumba za bei nafuu Kenya? Uvumi na sheria

Kila mwisho wa mwezi, asilimia 1.5 ya mshahara wa Mkenya aliyeajiriwa hukatwa kwa ushuru wa nyumba, na mwajiri wake huongeza kiasi kama hicho. Sheria ya Makazi Nafuu ya 2024 ndiyo iliyoamuru hivyo. Fedha hizo ndizo hujenga nyumba, basi kumjua anayefaa kupewa kazi hizi za ujenzi ni haki ya kila anayekatwa.

"Kampuni ikisajiliwa, imefuzu."
La. Mkandarasi lazima asajiliwe pia na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, inayowapanga wakandarasi kwa madaraja 8. NCA 1 hana kikomo cha thamani ya kazi, NCA 8 ndiye wa chini kabisa. Wa daraja la chini hakabidhiwi mtaa mzima wa maghorofa, hata mafundi wake wawe hodari namna gani. Juu ya hayo, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 humfungia mlango aliyefilisika, asiyelipa kodi, aliyepigwa marufuku ya zabuni, aliyepatikana na hatia ya ufisadi na mwenye mgongano wa maslahi.

"Mwenye bei ya chini hushinda."
Hii ndiyo dhana inayowaumiza vijana wengi, na inaniuma kila ninapoiona. Wanakesha wakipunguza bei, karatasi wanazikusanya asubuhi ya siku ya kufunga. Bei huja kulinganishwa mwishoni, baina ya waliovuka hatua za awali tu. Kwanza huangaliwa stakabadhi za lazima: cheti cha kuthibitisha kodi imelipwa kutoka KRA (Mamlaka ya Mapato), kisichopitwa na muda, fomu ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, cheti cha NCA, dhamana ya zabuni (ahadi ya fedha kwamba mwombaji hatajiondoa). Kisha uwezo: kazi zilizokwisha kufanywa, wahandisi, mitambo, fedha. Hata kurasa za zabuni lazima zipewe nambari kwa mfuatano. Sheria imelitaja hilo waziwazi. Aliyekosa sharti la lazima huanguka hapo hapo, na bei yake nzuri haimwokoi.

"Serikali hutoa pesa, wewe unajenga."
Kwa kawaida mkandarasi hujenga kwanza, kazi hupimwa, cheti cha malipo hutolewa, ndipo alipwe. Katikati ya hapo mafundi wanataka ujira na saruji inataka kununuliwa. Ndiyo maana huulizwa taarifa za benki au ahadi ya mkopo. Wengi huliona sharti hili kuwa la kuwabagua maskini. Mimi naliunga mkono, kwa sababu jengo likikwama ghorofa ya tatu, anayeumia ni mpangaji aliyekatwa mshahara kulijenga.

"Wadogo hawana nafasi."
Angalau asilimia 30 ya thamani ya ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wao hawadaiwi dhamana ya zabuni. Hujaza fomu ya tamko tu. Kampuni ndogo zaweza pia kuungana kwa ubia.

"Ukikosa, ndiyo basi."
Aliyeshindwa ana haki ya kuarifiwa sababu. Asiporidhika, ana siku 14 za kwenda kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, nayo huamua ndani ya siku 21. Hesabu ya siku hizo 14 huanza siku alipoarifiwa, kwa hiyo barua ya kukataliwa isiachwe mezani hadi Jumatatu.