Je, wajua chuki ya kikabila magharibi mwa Kenya ilianza lini?

Uchaguzi ukikaribia, kuanzia Nakuru hadi Kisumu utasikia maelezo yale yale: makabila haya yamechukiana tangu enzi za mababu, na siasa inafukua tu kilichokuwepo. Watu wenye nia njema kabisa wanayaamini maelezo hayo. Ukiyapima na historia ya eneo lenyewe, hayasimami.

Chukua majina ya marika. Kwa jamii za Kalenjin, wanaume waliotahiriwa hufuatana kwa mzunguko (Wanandi siku hizi hawana Korongoro): Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, kisha wanarudi mwanzo. Vuka uende Bungoma uwaulize Wabukusu: Maina, Chuma, Sawa, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange. Huu ni mzunguko mmoja, kwa mpangilio ule ule, katika lugha mbili zisizo na undugu. Watiriki, wa upande wa Waluhya, nao walipata jando lao kutoka kwa majirani zao Waterik, wa upande wa Wakalenjin, na marika yao yana akina Sawe, Golongolo na Nyonje. Mambo kama haya hayaibwi usiku. Ili umkabidhi mwenzako mwanao atahiriwe na kufundishwa siri za utu uzima, lazima muwe mmeoana, mmehifadhiana wakati wa njaa na mmekaa pamoja vizazi kadhaa.

Vita vilikuwepo, na asiyesema hivyo anapamba. Ng'ombe walitekwa, watu waliuawa. Lakini tazama nani alipigana na nani. Mwaka 1895 Waingereza walipoivamia ngome ya Wabukusu kule Chetambe, karibu na Webuye ya leo, Wawanga walikuwa upande wa Waingereza. Leo Wawanga na Wabukusu wote wanahesabiwa kuwa Waluhya, jina lililoshika miaka ya 1930 na 1940. Kalenjin kama jina la Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo na wenzao nalo ni la miaka ya 1940. Mistari ambayo kura hupigwa kwayo sasa haikuwepo wakati wa wazee wanaodaiwa kuanzisha uhasama huo. Serikali ya kikoloni ilichangia sana: kila kabila na hifadhi yake ya ardhi, iliyotangazwa rasmi mwaka 1926, na kila mwanamume Mwafrika na kipande chake, yaani kitambulisho cha lazima, shingoni.

Kama chuki si urithi, inatoka wapi? Jibu moja lilitoka Bristol, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwachukua wavulana 64 wa miaka 14 na 15, wanaofahamiana, wa shule moja. Waliangalia nukta zilizomulikwa ukutani na kukisia idadi yake, kisha wakaambiwa wako katika kundi fulani kulingana na makisio yao. Kwa kweli waligawanywa kiholela tu. Hakuna aliyejua nani yuko kundi gani, na walikutana na wenzao kama namba za siri. Kila mmoja aliingia chumba cha peke yake akawagawia wengine pointi zenye thamani ya pesa. Yeye mwenyewe hakuweza kujipa hata moja.

Uzito uko kwenye majedwali waliyotumia kugawa pointi. Katika jedwali moja la jaribio lililofuata, ambalo wavulana wengine waligawanywa kwa kisingizio cha michoro waliyoipenda, ukimpa wa kundi lako 7, wa kundi jingine anapata 1. Ukimpa wako 12, mwingine anapata 11. Ukimpa wako 19, mwingine anapata 25. Anayejali faida ya watu wake angechagua 19 bila kufikiri, kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Lakini wengi hawakufika huko. Waliwapunguzia wenzao wa kundi lao ili tu wale wengine wasiwapite. Mgawanyo wa nukta au michoro, usio na historia, ardhi wala damu, ulitosha kuwafanya wathamini pengo kuliko mapato.

Hapa panahitaji uangalifu. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba watu wakiambiwa wagawe adhabu badala ya zawadi, upendeleo huo hufifia sana. Kumpendelea wako na kutaka kumwumiza mwingine ni mambo mawili tofauti. Hata michezo ya kugawana pesa iliyofanywa Nairobi na wachumi ilikuta upendeleo mdogo mno wa kikabila, au haukuonekana kabisa.

Kwa hiyo mstari wa kundi ni kama mtaro uliochimbwa shambani. Mtaro hauleti mvua. Unaweza kukaa mkavu miaka minne, watoto wakauruka kwenda shule, mama wa huku akauza maziwa kwa mama wa kule. Lakini mvua ikinyesha, maji hayasambai shamba zima: yanafuata mtaro, yanauchimba zaidi, na msimu ujao yatapita hapo hapo kwa urahisi zaidi. Anayetaka kuelewa ghasia asiishie kuuliza mtaro una kina gani. Aulize pia mvua imetoka wapi.

Mvua kubwa ni kugombea madaraka ya nchi. Utafiti wa maoni katika nchi 10 za Afrika ulipata kwamba kila mwezi mmoja wa kusogelea uchaguzi wa rais wenye ushindani, watu wanaojitambulisha kwanza kwa kabila huongezeka kwa takriban pointi 1.8 za asilimia. Uchaguzi ambao mshindi wake anajulikana mapema haukuonyesha hivyo.

Sera pia hubadilisha mambo. Mwanauchumi Edward Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Upande wa Busia, shule zenye wazazi wa makabila mchanganyiko zilichangisha pesa kidogo zaidi, na sababu ilikuwa ya kawaida sana: kamati ilisita kumbana mzazi wa kabila jingine asiyelipa, isije ikaonekana ni uonevu. Meatu, baada ya miongo ya Kiswahili shuleni na siasa ya kujenga taifa, mchanganyiko haukupunguza michango.

Kwa Nakuru na Bonde la Ufa, ardhi ndiyo huifanya mvua kuwa mafuriko. Mashamba ya walowezi yaliuzwa baada ya uhuru kupitia skimu za makazi na kampuni za kununua ardhi. Mwenye hati alijiona mnunuzi halali. Jirani aliyeamini ardhi ile iliporwa kutoka kwa babu zake alijiona mdai halali. Wote wawili walikuwa na hoja. Mapigano ya Oktoba 1991 yaliyoanzia shamba la Meteitei, Nandi, yalizuka wiki chache baada ya mikutano ya wanasiasa kudai majimbo, yaani mfumo wa serikali za mikoa, wakati shinikizo la vyama vingi limepamba moto.

Kisha hofu hujiendesha yenyewe. Uvumi unafika kwamba wa ng'ambo wanajikusanya. Vijana wa huku wanakesha barabarani na mapanga, kujilinda tu. Wa ng'ambo wanaona mapanga na kupata uthibitisho wa walichoogopa, nao wanakesha. Kila upande unasema ukweli kuhusu nia yake, na kila upande unakaribia zaidi kushambulia kwanza. Hakuna anayehitaji kumchukia mwenzake ili hili litokee, na ndiyo sababu mahubiri ya upendo peke yake hayalizuii.

Katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2007 na 2008, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na Bonde la Ufa ndilo lililoumia zaidi. Mwaka 2013 viongozi wakuu wa Wakikuyu na Wakalenjin waliungana katika muungano mmoja, na Molo, Njoro na Burnt Forest zikapiga kura kwa utulivu, kwa watu wale wale na makaburi ya miaka mitano. Uhasama wa karne nyingi haupoi kwa mkataba wa wanasiasa. Mwaka huo huo, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake, ikiwa na juzuu zima linalogusa dhuluma za ardhi. Sehemu kubwa ya mapendekezo yake haijatekelezwa.