Data inayobadilishwa na wawili kwa pamoja: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea zaidi miongoni mwa waandishi wa programu ni kwamba mabadiliko yakishawekwa ndani ya muamala (kundi la hatua za hifadhidata zinazotekelezwa kama kitu kimoja) hayawezi kupotea. Tuchukue duka lenye mifuko 10 ya saruji, ambamo karani mmoja anauza 3 na mwenzake 4 kwa wakati ule ule. Miamala yote miwili inasoma 10; wa kwanza unahifadhi 7, wa pili unahifadhi 6, wala hakuna hitilafu inayoripotiwa, ilhali ghalani imebaki mifuko 3. Hifadhidata ya PostgreSQL, katika kiwango chake cha msingi cha kutenganisha miamala (yaani kuzuia miamala inayoendelea kwa pamoja isiingiliane), huruhusu jambo hili, na hifadhidata ya MySQL vilevile, ingawa kiwango chake cha msingi ni kikali zaidi. Muamala huhakikisha kwamba hatua zote zinakamilika au zote zinabatilishwa. Hauhakikishi kwamba ulichokisoma hakijabadilika.

Wengine huamini kwamba zana inayounganisha programu na majedwali italimaliza suala hili yenyewe. Hibernate, zana ya aina hiyo ya lugha ya Java, hukagua toleo la rekodi (namba inayoongezeka kila rekodi inapobadilishwa) pale tu mwandishi alipoweka uga wenye alama ya @Version. Hapo amri ya kusasisha hubeba sharti: badilisha rekodi hii ikiwa toleo lake bado ni 7, kisha toleo liwe 8. Rekodi isipopatikana, hitilafu hutolewa. Django, mfumo wa kuundia programu za wavuti kwa Python, haina ukaguzi huo, na save(), amri yake ya kuhifadhi, huandika safu zote za rekodi isipoambiwa vingine, hivyo anayesahihisha jina la bidhaa tu anaweza kurudisha idadi ya zamani bila kujua. Kwa maoni yangu, hili ndilo kosa gumu zaidi kuligundua.

Wapo pia wanaofunga kila rekodi kwa select_for_update, amri ya Django inayowazuia wengine kuibadilisha rekodi hadi muamala uishe. Kwa kupunguza idadi si lazima: usemi wa Django F("idadi") - 4 huiachia hifadhidata kazi ya kutoa, na karani wa pili husubiri kidogo tu kabla ya kutoa 4 kutoka kwenye 7. Sharti la kwamba idadi isipungue 4 liwekwe katika amri hiyo hiyo.

Hata hivyo, safu ya toleo pekee haitoshi. Fomu iliyofunguliwa saa tatu asubuhi ikiwa na toleo 8 huenda ikatumwa saa nne, wakati mtu mwingine ameshafikisha toleo 9. Programu ikisoma rekodi upya wakati wa kupokea fomu, italinganisha 9 na 9, na kazi ya yule mwingine itafutika kimya kimya. Namba 8 ni lazima isafiri ndani ya fomu yenyewe na ilinganishwe inaporudi.