Uanuwai wa kisiasa si tofauti za kisiasa

Juzi kwenye semina ya maafisa ustawi wa jamii, mwezeshaji alisimama na chupa ya maji mkononi akatangaza: "Taaluma yetu ina uanuwai wa kisiasa, kwa hiyo humu ndani siasa marufuku." Akapigiwa makofi. Wiki hiyohiyo nikasoma taarifa ya ofisi moja iliyoahidi "kumaliza uanuwai wa kisiasa miongoni mwa watumishi". Walimaanisha ugomvi.

Maana ya uanuwai wa kisiasa ni fupi: ni hali ya wanataaluma wenye mitazamo mbalimbali ya kisiasa kufanya kazi ileile chini ya maadili yaleyale. Basi.

Kinachotusumbua ni maneno. Anuwai limetoka Kiarabu, ni wingi wa neno lenye maana ya aina. Duka lenye vitambaa anuwai lina kanga, vitenge na kaniki kwenye rafu moja, na hakuna kilichonuniana na mwenzake. Tofauti nalo ni la Kiarabu, ila Kiswahili kimelitia uchungu. Ukisema Mwajuma na wifi yake wana tofauti, nani atadhani unazungumzia urefu wao?

Siasa ndiyo imepotea njia kabisa. Kule Kiarabuni neno hili lina undugu na kazi ya kutunza farasi, na kamusi zetu za zamani zinalipa maana ya upole na utaratibu. Mzee akikuagiza "kamwambie kwa siasa", anataka uende taratibu, usimshtue mtu. Leo tukilisikia tunaona kadi na bendera tu, ndiyo maana tunadhani mitazamo ya kisiasa ya maafisa huhesabiwa kwa vyama.

Hebu chukua faili moja: bibi analea wajukuu watatu, chumba kimoja, kodi ya miezi miwili haijalipwa. Afisa wa kwanza anasema waitwe wajomba na baba wadogo, ukoo ubebe mzigo wake. Wa pili anasema ukoo wenyewe hauna kitu, serikali ndiyo inayowajibika. Huenda wote wawili wana kadi ya chama kimoja. Uanuwai ninaousema ni huo.

Nao ni wa tangu taaluma inazaliwa. Jumuiya za kuratibu sadaka, zilizoanzia London mwaka 1869, zilitembelea kaya moja moja na kupima mwenendo wa familia. Jane Addams na Ellen Gates Starr, walipofungua Hull House, nyumba ya huduma za jamii kule Chicago, mwaka 1889, walihamia mtaani kwa maskini na kuishia kupigania sheria za viwanda na ajira ya watoto. Jeannette Rankin, aliyesomea kazi hii New York, alichaguliwa mwaka 1916 kuwa mwanamke wa kwanza katika Bunge la Marekani, kwa tiketi ya Republican. Frances Perkins, aliyepitia Hull House, akawa waziri wa kazi katika serikali ya Democratic mwaka 1933. Kanuni za maadili za NASW, chama cha leo cha maafisa ustawi wa jamii wa Marekani, zinamtaka mwanachama ashiriki katika hatua za kijamii na kisiasa, na hizohizo zinamkataza kumbagua mtu kwa imani yake ya kisiasa. Siasa haijapigwa marufuku hapo.

Alichokitafuta mwezeshaji wetu kina jina lake: kutoegemea upande. Hilo ni deni la afisa kwa anayemhudumia, asiulize kadi kabla ya kufungua faili. Uanuwai unawahusu maafisa wenyewe kwa wenyewe, wanapokaa kulijadili faili hilo.

Nikikutana naye tena nitamvuta pembeni wakati wa chai, nimwambie kwa siasa. Ile ya wazee.