Je, wajua ni kwa nini uhai wa mhusika katika gemu huhesabiwa kwa namba?

Mtu anayecheza gemu ya mapigano, iwe kwenye simu au kwenye runinga, hutupia jicho kila mara mstari mdogo ulio pembeni mwa skrini, ambao hupungua kadiri mhusika wake anavyopigwa. Mstari huo ukiwa umejaa, mchezaji hujitosa katikati ya maadui bila kusita. Ukibaki kipande, hujificha nyuma ya ukuta na kutafuta dawa. Tumeuzoea kiasi kwamba hatuulizi tena kwa nini upo, ingawa ni jambo la ajabu ukilifikiria vizuri, kwa sababu hakuna binadamu ambaye akichomwa upanga hupungukiwa pointi sita kati ya kumi, kisha akaendelea kukimbia na kuruka kama kwamba hakuguswa.

Chanzo chake si kompyuta. Hesabu hii ilizaliwa mezani, miongoni mwa marafiki waliokuwa wakichezea vita kwa madadu, penseli na sanamu ndogo za askari, na kabla ya kupewa watu ilikuwa imetengenezewa meli.

Michezo ya vita ya mezani ina historia ndefu. Mwaka 1824, huko Prussia, Luteni Georg von Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo ambao maofisa wa jeshi waliutumia kujifunza kupanga vita juu ya ramani, na ndani yake alikuwapo mwamuzi aliyepokea amri za pande zote mbili, akarusha dadu na kutangaza matokeo. Mwamuzi huyo ndiye babu wa msimamizi wa kampeni tunayemjua leo, yaani yule anayeongoza mchezo wa hadithi unaoendelea kutoka mkutano mmoja hadi mwingine. Katika michezo ya nchi kavu iliyofuata, sanamu moja mara nyingi iliwakilisha askari wengi, kwa hiyo ilipopigwa iliondolewa mezani, na hakuna aliyeilia. Ila kwenye michezo ya baharini jambo hilo lisingewezekana, kwani manowari haizami kwa kombora moja. Hupoteza mzinga huu, hupunguza mwendo, huingia maji polepole, na huenda ikapigwa mara kumi kabla ya kwenda chini. Ndiyo maana katika mchezo ambao mwandishi Fletcher Pratt aliucheza na wenzake mjini New York katika miaka ya 1930, wakiwa wamepanga meli za mbao sakafuni, kila meli ilikuwa na pointi zake, na kila kombora lililoipata lilikata baadhi ya pointi hizo.

Sasa twende Minnesota, Marekani. Mwaka 1969 David Wesely aliwaandalia marafiki zake mchezo ulioitwa Braunstein, ambamo kila mmoja, badala ya kuongoza jeshi, alipewa mtu mmoja wa kumwigiza. Mmoja wa wachezaji hao, Dave Arneson, alilipenda wazo hilo, na kuanzia mwaka 1971 akaendesha kampeni yake mwenyewe iitwayo Blackmoor, yenye ngome, mapango na mazimwi. Ili kuamua mapigano, kundi lake lilianza na kanuni za Chainmail, mchezo wa vita vya zama za kati ambao Gary Gygax na Jeff Perren waliuchapisha mwaka huohuo. Katika kanuni hizo mtu wa kawaida akipigwa sawasawa alikufa papo hapo.

Hapo ndipo shida ilipojitokeza, na kwangu mimi hiki ndicho kiini cha habari yote. Mchezaji aliyekuwa na sanamu moja tu, aliyeipa jina, tabia, rafiki na adui, hakuweza tena kuitazama ikiondolewa mezani kama jiwe la bao. Arneson alieleza baadaye kwamba wachezaji wake hawakuona ubaya kuliua zimwi kwa pigo moja, lakini hawakukubali zimwi liwaue wao kwa pigo moja. Akakumbuka kanuni alizokuwa nazo za mapigano ya meli za deraya za wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, ambamo meli ilivumilia mapigo mengi, akauchukua utaratibu ule wa meli na kuuweka juu ya mwili wa mtu.

Hebu tuone kwa hesabu ndogo jinsi badiliko hilo lilivyo kubwa. Chukua adui ambaye pigo lake hupata nusu ya mara zote. Ikiwa kila pigo linalopata linaua, mhusika wako anayeshambuliwa mara tatu ana nafasi moja tu kati ya nane ya kubaki hai, yaani asilimia 12.5. Mpe pointi 10 za uhai, na useme kwamba kila pigo linalopata litakata pointi zitakazoonyeshwa na dadu moja la pande sita. Kwa mashambulizi yaleyale matatu, nafasi yake ya kubaki hai hupanda hadi karibu asilimia 86. Zaidi ya hapo, sasa anaonywa. Pigo la kwanza haliwezi kumuua, bali humwambia kwamba hali si nzuri, na kati ya pigo hilo na lijalo anapata nafasi ya kuamua kama atasonga mbele, atarudi nyuma, atajadiliana na adui au atamwita mwenzake.

Mwezi wa Januari 1974 Gygax na Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, na nakala za chapa ya kwanza zilikuwa 1,000 tu. Ndani ya kanuni zake kuna alama moja inayoonyesha wazo lilikotoka. Katika Chainmail, mtu aliyeitwa shujaa alipigana kwa nguvu ya watu wanne, na ili kumuua yalihitajika mapigo manne yanayompata kwa pamoja. Katika mchezo mpya, mpiganaji aliyefika ngazi ya nne alipewa jina hilohilo la shujaa, na pointi zake za uhai zilipatikana kwa kurusha madadu manne. Watu wanne waliokuwa wamefichwa ndani ya mtu mmoja wakawa namba iliyoandikwa kwa penseli.

Penseli hiyo naiona kila tunapokutana kucheza. Karatasi ya rafiki yangu mmoja, ambaye mhusika wake tumekuwa naye katika kampeni moja kwa muda mrefu, imechakaa kwenye kisanduku kimoja tu, kile cha uhai, kwa kufutwa na kuandikwa upya: 23, kisha 17, kisha 9. Kifutio kimeila karatasi hadi mwanga unapita. Namba inapofika 4, huacha kutania, huisogeza karatasi karibu na kifua na kuuliza kwa sauti ya chini kama ule mlango tulioingilia bado uko wazi. Mimi ndiye msimamizi, nami hujua kwamba hakuna maelezo yangu ya pango, hata yangekuwa mazuri namna gani, yanayoweza kumfanya aogope kama inavyomwogopesha ile 4.

Je, pointi hizo ni damu na nyama? Katika kitabu chake cha wasimamizi cha mwaka 1979, Gygax alifafanua kwamba sehemu kubwa yake si uwezo wa mwili kuvumilia majeraha, bali ni ustadi, bahati na kinga ya kimiujiza inayomwezesha mtu kulikwepa pigo dakika ya mwisho. Ufafanuzi huo naukubali, maana vinginevyo mpiganaji mzoefu angekuwa mgumu kuliko farasi.

Kompyuta iliudaka utaratibu huu mapema, kwa sababu namba ni lugha yake. Mwaka 1975 wanafunzi nchini Marekani walikuwa tayari wanacheza dnd, gemu iliyoandikwa kwenye mtandao wa kompyuta wa PLATO na iliyobeba pointi za uhai kutoka mezani. Zikafuata Ultima na Wizardry mwaka 1981, kisha Dragon Quest ya Japani mwaka 1986, na kutoka hapo hesabu hiyo ikaenea hadi kwenye gemu ambazo waundaji wake huenda hawajawahi kushika dadu la pande ishirini. Isichanganywe na yale maisha matatu ya gemu za zamani za kutumbukiza sarafu, kama Space Invaders ya mwaka 1978. Maisha hayo yalikuwa kipimo cha muda ambao sarafu yako imenunua, na kila moja liliisha kwa pigo moja.

Wazo la Arneson halijakoma kukua. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, na pia katika Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 iliyojengwa juu ya kanuni hizo, mhusika wa mchezaji anayefika sifuri kwa kawaida hafi palepale. Huanguka, na kila zamu yake ikifika hurusha dadu la pande ishirini: akipata 10 au zaidi amefaulu mara moja, akipata 2 hadi 9 amekosa mara moja, na akipata 1 amekosa mara mbili. Akifaulu mara tatu hali yake hutulia, akikosa mara tatu hufa, na akipata 20 kamili huzinduka akiwa na pointi moja. Mezani kwetu, dadu hilo linapoanza kuviringika, hakuna anayekula wala kuzungumza, na aliyekaa karibu zaidi huwa ameshaanza kuhesabu hatua ngapi zimebaki ili amfikie mwenzake na chupa ya dawa.