Kidonda kupakwa gundi badala ya kushonwa, ni sawa kweli?

Mtoto kapasuka kwenye paji la uso, nesi kampaka gundi tu. Hawajanipunja?
Hapana. Kidonda kinaoshwa, damu inasimamishwa, anabana kingo zikutane halafu anapaka gundi juu ya ngozi, na hapo ndo wengi hawaelewi, haimiminwi ndani, maana ikiingia katikati nyama hazitaungana. Inaganda ndani ya dakika hivi, mtoto anasikia kajoto tu. Hakuna sindano ya ganzi wala kurudi kutoa nyuzi, na kwa kidonda kidogo kilichonyooka kovu halipishani sana na la kushonwa.

Si ndo ile supaglu ya fundi viatu?
Ni ndugu. Mkemia Harry Coover wa kampuni ya Kodak, Marekani, aliikuta 1942 wakitafuta plastiki ya vilengeo vya bunduki, wakaiacha sababu inanata kila kitu (hata mimi ningeiacha). Baadaye kwenye vita ya Vietnam majeruhi wakawa wanapuliziwa kusimamisha damu. Ila ya dukani inavunjika haraka mwilini ikitoa kemikali zinazounguza nyama, na haijasafishwa vijidudu. Ya hospitali imetengenezwa tofauti, Marekani waliipitisha 1998 kwa kufunga ngozi.

Mbona mafundi seremala wanajipaka na wanapona?
Wanaopona ndo wanaosimulia bana. Aliyefungia uchafu ndani akatunga usaha utamkuta foleni ya zahanati, haongei sana.

Kidonda gani hakifai?
Cha kuumwa na mbwa (hicho osha kwa maji na sabuni dakika 15 kisha kimbilia chanjo), kichafu, kinachoachana sana, ndani ya mdomo, au kwenye goti na viungio vya vidole, ukikunja tu inaachia. Na gundi haizuii pepopunda, ulizia sindano yake.

Nyumbani nifanyeje?
Usipake Vaseline wala mafuta yoyote, yanailegeza. Kuoga haraka haraka sawa, kuloweka hapana, kausha kwa kugusagusa na kitambaa. Mzuie asibandue, inatoka yenyewe siku 5 mpaka 10. Kikivimba, kikitoa usaha au akipata homa, rudi.

Ikidondokea kwenye kope zikagandana je?
Usivute, usichukue mkasi. Mrudishe, wanapaka dawa ya macho ya mafuta, ileile sifa mbaya ya mafuta hapa inakuokoa, gundi inalegea taratibu.