4,294,967,297: namba iliyosingiziwa utasa

Namba hii iliitwa tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kwa miaka 92, kumbe ilikuwa na watoto wawili: vigawo viwili. Aliyeanzisha uvumi ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyefanya hisabati kwa kuipenda. Mwaka 1640 aliangalia 2 ikipandishwa kwa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kila jibu likiongezwa 1: unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Tasa tupu. Akaamini kwamba kipeo cha 32, kinachotupa namba yetu hii, nacho kitatoa tasa, na kuendelea hivyo bila mwisho.

Simlaumu sana. Kuihakiki kwa kalamu, ukijaribu kila namba tasa hadi kwenye kipeuo chake cha pili, ni kugawanya mara 6,500 na ushei. Nani ana muda huo?

Leonhard Euler ndiye aliyemfumania, mwaka 1732: 641 inaigawanya bila baki. Baadaye alieleza siri yake. Kigawo chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Basi za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Kazi ya mara 6,500 imekuwa ya mara tano!

Lakini ninachokipenda zaidi mimi ni hiki, maana hakihitaji hata kugawanya. Angalia 641 kwa sura mbili: ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Tuhesabu kwa baki za 641 peke yake: namba mbili tuziite sawa zikitofautiana kwa mafungu kamili ya 641. Sura ya kwanza inasema 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Pandisha pande zote kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Sasa 5⁴ ni 625, ambayo kwa sura ya pili ni sawa na −16, yaani −2⁴. Iweke mahali pake: −2³² ni sawa na 1. Kwa hiyo 2³² + 1 haibakizi kitu. Mtoto wa pili ni 6,700,417, na huyo ni tasa kweli.

Namba hii iliwahi kunidanganya hata mimi. Niliandika programu inayotumia kanuni ya Fermat huyohuyo: p ikiwa tasa zaidi ya 2, basi 2 kwa kipeo cha p − 1, ukigawanya kwa p, hubakiza 1. Programu ikaipitisha kwa shangwe. Hitilafu haikuwa kwenye programu. Hapa, tukihesabu kwa baki za namba hii yenyewe, 2³² ni sawa na −1, kwa hiyo 2⁶⁴ ni sawa na 1, na p − 1, yaani 2³², inagawanyika kwa 64. Jibu lisingeweza kuwa jingine. Nikaweka 3 mahali pa 2. Baki ikatoka 3,029,026,160.