Risasi ya kumalizia: wanayodhani wengi na ukweli wake

Swala amepigwa, ameanguka, hajafa. Anainua shingo, anajikaza asimame, miguu ya nyuma inabaki chini. Anayemtazama kupitia darubini ya bunduki hutamani jambo moja: liishe upesi. Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa sababu haraka hiyo mara nyingi ni ya kumpunguzia mwindaji uchungu wake mwenyewe, si wa mnyama. Dhana zifuatazo husikika sana, baadhi kwa wawindaji wazoefu na nyingine kwa watu wasiowinda kabisa.

Dhana: Mwenye huruma humkimbilia mnyama papo hapo

Inategemea kama unamwona. Akiwa wazi mbele yako na nyuma yake kuna udongo wa kuzuia risasi, mpige tena bila kungoja. Akishaingia kichakani, kumkimbilia ni kumwongezea mateso. Mnyama aliyetobolewa mapafu yote mawili kwa kawaida huanguka ndani ya mita 50 hadi 150, na asipofukuzwa hufia hapo hapo. Akisikia hatua za mtu, hata aliyekwisha kulala huinuka na kwenda mbali kuliko ungeweza kuamini.

Muda wa kungoja husomwa chini, pale aliposimama wakati wa kupigwa. Damu nyekundu ya kung'aa yenye mapovu madogo imetoka mapafuni: ngoja dakika 20 hadi 30. Damu nzito iliyokolea, karibu na rangi ya kahawia, ni ya ini: saa 2 au 3. Ukikuta majimaji ya kijani yenye chembe za majani yaliyotafunwa, pamoja na harufu ya tumbo, umempiga utumbo. Hapo ni saa 3 au 4 kwa risasi, na kwa mshale wengi hungoja saa 6 hadi 12.

Hili la utumbo ndilo linalowachoma watu moyo. Mnyama anaumia, nawe umekaa chini ya mti ukitazama saa? Ndiyo. Aliyepigwa tumboni akiachwa hulala mapema, mara nyingi ndani ya mita mia chache. Akiinuliwa anaweza kwenda kilomita kadhaa, na njiani haachi damu ya kufuata, kwa kuwa mafuta na utumbo vimeziba tundu. Ukimwinua mara moja, pengine humpati tena, naye atakufa kesho au keshokutwa. Kanuni hii huvunjwa pale mvua inapokuja kufuta alama, au fisi wanapokuwa karibu. Kuchagua kati ya hasara mbili namna hiyo hakuna kitabu kinachoweza kukufanyia.

Mguu ni kinyume chake. Vipande vya mfupa mweupe, damu nyingi mwanzoni kisha matone machache: mnyama huyu hafi kwa kulala. Afuatwe mapema, kimyakimya, ikiwezekana na mbwa aliyefundishwa kufuata damu akiwa kwenye kamba.

Kabla ya kuondoka, funga kitambaa mahali alipopigiwa na kingine kwenye tone la mwisho uliloliona. Tembea pembeni ya alama, usizikanyage. Njia ikipotea utarudi kwenye kitambaa, si kwenye kumbukumbu.

Dhana: Mpigaji hodari hutumia risasi moja, ya pili ni aibu

Majivuno tu, na ni majivuno yanayolipwa na mnyama. Kuna pigo linalowadanganya hata wazoefu: risasi ikigonga ncha za mifupa zinazosimama juu ya uti wa mgongo bila kuugusa uti wenyewe, mnyama hudondoka kama aliyepigwa na radi. Hulala sekunde chache, pengine dakika, miguu ikipiga hewani. Mwindaji anaweka bunduki begani, anapongezwa. Kisha mnyama anasimama na kwenda zake akiwa na jeraha la mgongoni.

Kwa hiyo ingiza risasi nyingine chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, mara tu ya kwanza inapotoka, na darubini ibaki kwa mnyama. Aliyeanguka ghafla mno ndiye wa kumtilia shaka zaidi. Akijaribu kuinuka, mpige. Ngozi iliyotobolewa mara mbili ni bei ndogo.

Dhana: Risasi ya kumalizia daima hupigwa kichwani

Ubongo ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Kwa mnyama wa ukubwa wa swala unatoshea kwenye kiganja, na kichwa ndicho kiungo kinachotikisika kuliko vyote. Risasi ikikosa kidogo tu huvunja taya au pua. Mnyama aliyevunjika taya anaweza kukimbia vizuri kabisa, kisha afe kwa njaa na kiu siku nyingi baadaye. Akiwa bado anageuza kichwa, au wewe uko zaidi ya mita chache, lenga kifuani: nyuma tu ya bega, theluthi ya chini ya mwili, hapo moyo na mapafu vinapatikana pamoja. Kichwa ni cha mnyama aliyetulia, nawe uko karibu.

Mahali penyewe ni wapi? Si katikati ya macho, ingawa ndipo wengi wanapolenga. Risasi iliyopigwa hapo huingia kwenye matundu ya pua, chini ya ubongo. Kwa swala na jamaa zake, vuta mstari wa kufikirika kutoka pembe ya nje ya kila jicho hadi kwenye shina la pembe, au la sikio, la upande wa pili. Mistari inapokutana kwenye paji ndipo. Ukiwa ubavuni, lenga kati ya jicho na sikio, karibu zaidi na shina la sikio. Ukiwa nyuma, lenga shimo lililo chini ya fuvu, mdomo wa bunduki ukielekea kwenye kidevu.

Nguruwe pori ana kesi yake. Paji lake limelala mshazari na mfupa ni mnene, kwa hiyo risasi ya mbele huweza kuteleza. Ukilazimika kumpiga kwa mbele, panda upana wa vidole viwili juu ya mstari wa macho na uelekeze mkiani. Afadhali ubavuni, nyuma ya sikio. Nyati dume, ambaye pembe zake zimekutana utosini na kuwa kofia, si wa kujaribiwa kwa paji. Mabega ndiyo njia, na huyo afuatwe na watu wawili wenye bunduki nzito, wala si na mtu anayejifunza.

Kuna kosa moja la hesabu ambalo halisemwi vya kutosha. Darubini hukaa sentimita 4 hadi 5 juu ya mtutu. Kwenye mita 100 bunduki imerekebishwa na tofauti hiyo haionekani. Kwenye mita 2 au 3 bado ipo yote: risasi itagonga sentimita 4 hivi chini ya ule msalaba unaouona kwenye kioo. Kwenye kifua si kitu. Kwenye fuvu la swala, sentimita 4 ndiyo tofauti kati ya ubongo na taya. Panda juu kiasi hicho kabla ya kufyatua, na punguza ukuzaji wa darubini hadi mwisho, la sivyo utaona manyoya matupu.

Usigandamize mdomo wa bunduki kwenye ngozi. Gesi ikikosa pa kutokea inaweza kupasua mtutu. Acha nafasi, shubiri mbili ni kiasi kizuri. Bunduki ya marisau kwenye mita 1 hadi 2 hupiga chembe zikiwa bado zimeshikana kama donge moja, kwa hiyo inatosha. Ukirudi nyuma mita nyingi, zinatawanyika na kujeruhi tu. Bunduki ndogo ya .22 iachiwe sungura na wa kimo chake. Na uangalie ardhi: risasi iliyopita kwenye fuvu ikakuta mwamba haijulikani itaelekea wapi, na wenzako wanaokuja nyuma hawana habari.

Dhana: Kisu ni njia ya kimya na ya upole

Ni ya kimya, hilo ni kweli. Lakini ili uchinje lazima umshike mnyama wa porini akiwa na fahamu zake, na kwake kushikwa na mtu ni hofu sawa na kuliwa. Pembe na kwato za mnyama anayekufa zimeshawapasua watu mapaja. Halafu kuna muda: kondoo aliyekatwa vizuri hupoteza fahamu baada ya sekunde kadhaa, hadi 20 hivi, ilhali ng'ombe anaweza kuchukua zaidi ya dakika, kwa kuwa mishipa inayopita ndani ya mifupa ya shingo huendelea kupeleka damu kichwani. Penye risasi ya kutumia, tanguliza risasi. Kisu kije baada ya fahamu kuondoka, kwa ajili ya kutoa damu. Ambaye dini yake inamtaka achinje mnyama akiwa hai, ahakikishe kisu ni kirefu, kimenolewa siku hiyo, na mkato ni mmoja.

Ndege aliyejeruhiwa ni rahisi zaidi, ilimradi usimzungushe kwa kichwa hewani. Shika miguu kwa mkono mmoja, kichwa kwa mwingine nyuma ya fuvu, vuta kwa nguvu huku ukikunja kichwa kuelekea mgongoni hadi uhisi mwachano wa shingo. Wakubwa kama bata bukini hawavutiki hivyo kwa urahisi. Hao ni rungu fupi zito, pigo moja la uhakika nyuma ya kichwa.

Dhana: Akipiga mateke bado anaumia, akitulia amekufa

Yote mawili yanaweza kuwa uongo. Baada ya ubongo kuharibiwa, uti wa mgongo huachiwa bila wa kuutawala, na miguu hutupwatupwa kwa nguvu kwa dakika moja au zaidi. Inatisha, lakini hakuna anayeihisi. Cha kutafuta ni dalili nyingine: kuhema kwa mpangilio, kupepesa macho, kujaribu kuinua kichwa. Ukiona hata moja, risasi nyingine.

Mkaribie kwa nyuma, upande wa mgongo, bunduki tayari. Usipite upande wa miguu. Mnyama aliyekufa kwa kawaida macho huwa wazi, yamekodoka, mboni zimetanuka. Aliyefumba macho hajafa. Gusa jicho lenyewe kwa ncha ya fimbo ndefu. Kope ikicheza, rudi nyuma. Isipocheza, ngoja dakika 2, gusa tena, tazama ubavu kama unapanda na kushuka. Ndipo ushushe bunduki.

Dhana: Kila mnyama aliyeumia amalizwe

Na pacha wake: kila mnyama aliyeumia apelekwe akatibiwe. Zote mbili zinatoka kwa watu wema wasiotazama vya kutosha.

Wanyama wa miguu mitatu huishi. Mfupa wa mguu ulioungana wenyewe ukapinda hukutwa mara kwa mara kwa wanyama waliowindwa wakiwa wanene na wenye afya. Kwa hiyo kuchechemea peke yake si hukumu ya kifo. Tazama kwanza kwa darubini ya mkono, kwa mbali, nusu saa ikibidi: anakula? Anafuatana na kundi? Anacheua? Asiyeweza kusimama, aliyevunjika mgongo akajikokota kwa miguu ya mbele, mwenye mfupa uliotoka nje na funza kwenye kidonda, huyo ni mwingine.

Ndama wa swala aliyejilaza peke yake majanini, masikio yameshuka, hatikisiki, si mgonjwa wala yatima. Mama yake amemficha na atarudi kumnyonyesha. Ondoka.

Aliyenaswa kwenye waya huonekana wa kuhurumiwa, lakini ikiwa waya haujakata hadi mfupani, daktari wa wanyamapori mwenye sindano ya usingizi anaweza kumfungua. Usimsogelee mwenyewe. Waya uliomshika usiku kucha unaweza kukatika wakati huo huo unapomfikia.

Kumbeba swala mzima hadi kwenye kituo cha tiba huku amefungwa miguu mara nyingi ni kumuua polepole. Hofu na kupambana huunguza misuli yake, na protini inayomwagika kutoka humo hushambulia figo. Anaweza kuonekana mzima jioni, akafa baada ya siku mbili.

Tena si kila mwenye bunduki ana ruhusa ya kufanya uamuzi huu. Kibali cha kuwinda aina fulani hakikuruhusu kumaliza aina nyingine uliyoikuta imegongwa barabarani. Sehemu nyingi mnyama huyo ni mali ya serikali, na hatua ya kwanza ni simu kwa askari wa wanyamapori, ukitaja mahali, aina ya mnyama na hali yake.

Dhana: Akishakufa, kazi imekwisha

Mnyama aliyekuwa akiyumba, akitoa mate na kumsogelea mtu bila woga anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Huyo apigwe kifuani, kwa sababu kipimo cha ugonjwa huo huchukuliwa kwenye ubongo na kichwa kilichosambaratika hakipimiki. Asiguswe kwa mikono mitupu. Mzoga uliovimba upesi, unaotoa puani na sehemu ya haja kubwa damu nyeusi isiyoganda, usipasuliwe: kama ni kimeta, vijidudu vikipata hewa hujifunga kwenye magamba magumu na kukaa udongoni miaka mingi.

Dawa ambayo madaktari hutumia kuua haiishii kwa mnyama huyo. Tumbusi au mbwa akila mzoga huo naye hufa, kwa hiyo uzikwe kwa kina au uchomwe. Risasi ya kawaida nayo ina sumu yake. Ile ya madini laini ya risasi hupasuka na kuacha chembe ndogo sana kwenye nyama na matumbo, mbali na tundu lenyewe, nao ndege wanaokula mizoga hutiwa sumu na hizo chembe. Wanaotumia risasi za shaba tupu wameliepuka hilo. Wasio nazo wafukie matumbo pamoja na nyama yote iliyozunguka jeraha, shimo liwe refu kiasi kwamba mnyama hafukui, na wapange mawe juu.